Meza Isiyokatwa Miguu

Watu wanne waliibeba kaunta ile kutoka Kabondo mpaka soko kuu la Kisangani, na njia nzima watu waliwapisha: wauza mikate, akina mama wauza pondu, yale majani ya mihogo, hata askari mmoja aliyekuwa akionja karanga za wenyewe bila haraka ya kulipa. Mbele yao alitembea fundi mwenyewe, mtu mrefu, penseli sikioni, shati la kaki limepigwa pasi. Mvi zilikuwa zimemwanza pande zote mbili za kichwa naye hakuzificha. Alikuwa ametengeneza kitu kizuri na alitaka soko zima likione.

Mlangoni pa duka la maharagi alisimama Kavugho. Siku hiyo alikuwa amefunga kikwembe cha manjano chenye ndege wa kijani, na kitambaa cha kichwa amekipandisha juu kama afanyavyo mwanamke asiyeogopa kutazamwa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Aliitazama kaunta ikishushwa, akaitazama tena.

"Citoyenne, kazi imekwisha," alisema fundi. "Kaunta ya Nzanzu njo hii."

"Hii haiko ya kwetu."

"Iko ya kwenu, mama. Gusa mbao. Mbao ya Banalia, haitakufa mbele yako."

"Papa, tulikutumia kamba. Ile kamba iko na fundo. Kaunta ingefika kwenye fundo. Hii imelipita fundo, inaenda mbinguni."

Fundi alitabasamu kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea wateja wasiojua kupima. "Ile kamba niliiona. Nikasema, huyu mutu alifunga fundo pabaya, labda alikuwa na haraka. Kaunta ya kufika kwenye goti, nani atauza juu yake? Kuku? Donc nilisahihisha."

"Ulisahihisha."

"Bila kuongeza bei."

Watu wakaanza kusogea, maana soko hunusa aibu ya mtu kutoka mbali. Ndipo sauti nzito ikatoka nyuma ya ile kaunta mpya. "Kavugho, nani ameniwekea ukuta hapa?"

Fundi akachungulia. Upande wa pili alisimama Nzanzu, mwenye duka, kaka yake Kavugho: mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, kichwa kipana, mabega ya mchukuzi, saa ya kung'aa mkononi, na mikono na miguu mifupi sana. Kaunta ilikuwa imemmeza mpaka nywele. Wale waliosogea walikuwa tayari wameshika mbavu, wanangojea tu wa kwanza acheke.

Fundi hakucheka, wala hakuanza kuomba radhi kwa maneno mengi yanayomdhalilisha anayeombwa. Alitoa ile kamba mfukoni, akapiga magoti, akaipima kwenye mguu wa kaunta mbele ya watu wote.

"Fundo ilikuwa sawa, patron," alisema. "Miye njo nilikosa. Niletewe msumeno."

Akaikata miguu ya kaunta pale pale, katikati ya soko, na unga wa mbao ukalijaza lile shati lililopigwa pasi. Alipomaliza alimrudishia Nzanzu kamba yake mkononi. Nzanzu akapanga mizani juu ya kaunta, akaegemea viwiko, akatazama watu kwa raha.

"Hapa kwangu kila mutu anayenunua anainama," alisema. "Ata commissaire akikuya, atainama. Sasa, nani anataka maharagi?"

Kavugho alimtazama fundi akijipangusa magoti, na moyo wake ukafanya jambo ambalo alikuwa ameukataza kulifanya tena.

*

Fundi aliitwa Wenceslas. Jina hilo lilikuwa marufuku kwenye karatasi wakati huo, kama majina yote ya wazungu, na kwenye kitambulisho chake kulikuwa na jina la babu yake wa Maniema. Lakini Kabondo nzima ilimwita Wenceslas, hata mwenyekiti wa chama wa mtaa, ambaye nyumbani kwake naye alikuwa Faustin. Alifiwa na mkewe miaka mingi nyuma, na binti zake wawili walikuwa wameolewa Kindu.

Alirudi dukani kutazama droo ya kaunta isije ikakwama. Droo haikuwa na neno. Juma lililofuata alirudi tena.

"Papa Wenceslas," alisema Kavugho, "hii droo umeifungua kuliko miye mwenye kuweka feza."

"Iko kazi yangu. Nataka izoee kutii."

"Droo ama mwenye droo?"

"Mwenye droo nimeshamwona. Ule hatatii."

Nzanzu, aliyekuwa akipima maharagi huku akijifanya kiziwi, alikohoa. Toka hapo Wenceslas akabadili njia. Ghala la jirani, la tonton Dominique, lilikuwa na mojawapo ya simu chache za mtaa ule zilizokuwa bado zinalia, na Wenceslas alikuwa akitengeneza mabenchi ya parokia, ambako kulikuwa na nyingine. Kila siku baada ya adhuhuri tonton Dominique alitoka nje na kuita, "Kavugho, droo yako inakuita."

"Allô? Nani?"

"Weye unajua nani. Umekula?"

"Nimekula lituma ya ndizi na samaki."

"Kumbe. Miye huku nakula unga wa mbao."

"Basi kuya jioni. Kaka yangu, yaya Nzanzu, amesema anataka kuona kama ule mulefu anajua kula vizuri vile anajua kukosa vipimo."

"Mwambie nitakuya. Na weye uvae kile kikwembe cha ndege."

"Unasema maneno ya kijana, mon vieux."

"Niko na miaka hamsini na tatu, chérie. Lakini haijaniambia ninyamaze."

Alipenda sana kuitwa hivyo, mon vieux, mzee wangu, na Kavugho alipenda kumwita. Aliliachia neno hilo polepole, huku tonton Dominique akigonga meza na kusema simu ni ya biashara.

"Na hii iko biashara, tonton," Kavugho alimjibu. "Tunapatana bei."

Jumapili moja walikaa kando ya mto, karibu na kanisa kuu, wakitazama kivuko kikirudi kutoka Lubunga kimejaa baiskeli na mihogo. Kavugho alikuwa amevaa gauni jeupe na viatu alivyovivua mara tu walipokaa. Hapo ndipo alipomweleza, kwa sababu aliona bora Wenceslas aondoke sasa kuliko baadaye.

"Walikuya wawili kunioa zamani, mbele yako," alisema. "Wa kwanza alikuwa mwalimu. Mashangazi zake walikuya kuangalia ukoo, kama desturi. Walikunywa, walikula kuku. Kisha yaya Nzanzu akaingia kuwasalimia. Waliaga mbele matunda iletwe. Wa pili, ginsi ile ile."

"Juu ya Nzanzu?"

"Juu ya mama. Papa yangu alikuwa na muke wa kwanza, Butembo, na watoto wote wa ule muke walitoka walefu. Muke akakufa. Papa, na mvi zake, akaoa mama yangu. Mutoto wa kwanza wa mama, Nzanzu. Donc watu walihesabu vile watu wanahesabu: muke wa kwanza, hakuna kitu, muke wa pili, kitu hii. Basi iko kwa mama. Wengine walisema alicheka mutu mufupi akiwa na mimba. Wengine walisema iko damu ya kwao. Miaka hii yote mama anabeba ile neno."

Wenceslas aliokota kiatu kimoja cha Kavugho, akakipangusa mchanga. Kavugho akaendelea.

"Na miye niko na ile damu. Nataka mutoto, Wensi. Nataka mpaka naona haya kusema. Na naogopa."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bon. Miye sikukuya kuangalia ukoo. Nilikuya kuangalia droo." Alimwekea kiatu kimoja kwenye mguu, kwa utaratibu, kama kazi nyingine yoyote ya mikono yake. "Kisha salongo ya mwezi huu, ile kazi ya kufagia mutaa, ikipita, Jumapili ile, nitakuya kwa Nzanzu kusema neno langu mbele ya mama. Kwenu munataka mbuzi, si vile?"

"Mbuzi njo desturi ya Wanande."

"Nitatafuta mbuzi."

*

Kabla ya Jumapili hiyo miguu ya Nzanzu ikaanza kufa ganzi. Akisimama dukani nusu ya asubuhi, mgongo ulimchoma na miguu ikawa si yake. Kavugho akampeleka kwa daktari Timothée, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomo Ulaya na kufundisha udaktari hapo mjini, mwenye miwani mikubwa na tabia ya kumtazama mgonjwa machoni.

Daktari alipima mgongo, akamwonyesha namna ya kukaa na ya kulala. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Papa yenu alikuwa na miaka ngapi wakati weye ulizaliwa?"

"Hamsini na ine," alijibu Nzanzu. "Juu ya nini?"

"Na mama, na papa, walikuwa walefu kama watu wote?"

"Walefu kama watu wote."

"Voilà." Daktari alivua miwani. "Musikie vizuri. Mwanamuke anazaliwa na mayai yake yote. Mwanaume, yeye anatengeneza mbegu kila siku, mpaka uzee wake, na kila mbegu inanakili ile iliyoitangulia. Mutu akinakili ukurasa moja maisha yake yote, iko siku ataruka herufi. Kwa papa yenu, herufi moja iliruka, katika mbegu moja. Ile mbegu njo weye, patron. Haikutoka kwa mama. Haikutoka kwa ukoo wa mutu. Na tunaiona zaidi kwa watoto wa wababa wazee, juu wamenakili miaka mingi."

Kavugho alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Na miye, docteur? Damu yangu?"

"Damu yako iko sawa na ya mwanamuke yeyote wa hii muji. Hakuna kitu uliyorithi."

"Na miye nikizaa?" aliuliza Nzanzu.

"Weye, iko nusu kwa nusu."

Nzanzu alifikiri. "Bon. Nusu watakaa na miye kwenye kaunta, nusu watapanda kushusha bidhaa."

Daktari alicheka, kisha akaongeza kwamba wasitoke pale wakiogopa kila baba mwenye mvi. Wazee wengi sana huzaa watoto wazima, na hatari hiyo, hata ikipanda pamoja na miaka, inabaki ndogo. Kavugho alilisikia neno hilo kwa sikio moja tu. Sikio la pili lilikuwa limeshatoka nje, limekimbia nyumbani kwa mama.

Mama Georgette alikuwa uani, ungo magotini, anachagua maharagi. Kavugho alichuchumaa mbele yake akamweleza yote. Mama hakuacha kuchagua mpaka mwisho.

"Kumbe haikuwa miye," alisema.

"Haikuwa weye, mama."

"Na papa yenu alikufa bila kujua." Aliondoa kijiwe kimoja akakitupa. "Dada zake pia walikufa bila kujua. Nani nitamwambia sasa?"

Kisha machozi yakamshuka juu ya maharagi, machozi ya miaka thelathini na mitano, na Kavugho akalia naye. Nzanzu alikuja, akaondoa ungo, akakaa mahali pake kwenye magoti ya mama yake, mtu mzima na saa yake ya kung'aa, na hakuna aliyeona ajabu.

*

Kavugho alifika kwenye karakana ya Kabondo anahema. Wenceslas alikuwa akipiga randa, maranda yamemfika vifundoni.

"Mon vieux, acha kazi. Haiko mama. Haiko damu yetu. Docteur amesema."

Akamweleza kwa mkupuo mmoja: mbegu, ukurasa, herufi, baba mzee. Furaha ilimfanya aseme nusu ya maneno na kuiacha nusu nyingine kwa daktari. Wenceslas alisikiliza huku ameshika randa.

"Iko kwa wababa wazee," alisema polepole.

"Kwa wababa wazee, njo vile alisema. Mama amelia mpaka amelala."

"Papa yako alikuwa na miaka ngapi?"

"Hamsini na ine. Wensi, unasikia? Miye niko muzima. Naweza kuzaa kama mwanamuke yeyote."

Wenceslas alipuliza maranda kwenye ubao, kisha akapuliza tena pasipo na kitu. "Nimesikia, chérie. Iko habari nzuri. Mwambie mama nimefurahi."

Hakumsindikiza mpaka barabarani kama kawaida yake. Kavugho aliona, lakini furaha aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa na jambo hilo akalipita.

Jumapili ikafika. Mama Georgette alipika kuku wawili. Nzanzu alivaa abacost yake ya kijivu, suti isiyo na tai, iliyoshonwa kwa kipimo chake, akaketi kwenye kiti cha mkuu wa nyumba, kwa sababu baba hakuwepo tena na yeye ndiye aliyepaswa kuombwa dada. Kavugho alikuwa amesuka nywele upya. Walikaa mpaka kuku wakapoa. Hatimaye jirani mmoja wa Kabondo akaja na habari: fundi amepanda lori alfajiri, amekwenda Banalia kutafuta mbao, hajasema atarudi lini.

Mama Georgette alifunika masufuria.

"Njo sawa na wale wawili," alisema Kavugho. Hakulia, alikuwa na hasira kupita machozi. "Alikata kaunta juu soko lilikuwa linamwangalia. Lakini kukuita beau-frère, shemeji yake, yaya, mbele ya watu wake, ile imemushinda."

Nzanzu alifungua kifungo cha shingo. "Niliangalia mikono yake ile siku. Ile mikono haikukimbia."

"Mutu haiko mikono."

"Basi umuulize mwenyewe. Misioni iko na phonie."

*

Phonie ya misioni ilikuwa redio ya kuongea, sanduku la kijani kwenye chumba kidogo nyuma ya parokia. Kila asubuhi misioni zote za kaskazini zilifungua kwa wakati mmoja na kuongea kwa zamu, na aliyemaliza kusema alisema "à toi" ili mwenzake ajibu. Hakukuwa na siri: lililosemwa Kisangani lilisikika Banalia, Buta na kila penye sanduku kama lile.

"Phonie iko ya dawa na vifo," alisema frère Alexis, bruda aliyekuwa akiishughulikia.

"Na hii iko kifo, frère."

Frère Alexis alimtazama usoni, akazungusha vifungo, akaita Banalia. Wenceslas alikuwa amelala hapo misioni. Ikachukua muda mfupi tu kumleta.

"Kavugho? Uko muzima? Mama iko muzima? À toi."

"Tuko wazima wote. Kuku njo walikufa, wawili, juu yako. Nataka kitu moja tu. Sema kwa kinywa yako kwamba umekimbia yaya wangu, kisha nitakuachia mbao zako. À toi."

Sanduku lilikwaruza.

"Sikukimbia Nzanzu. Nzanzu ningemuita beau-frère mbele ya Kisangani yote. Nilikimbia miye. Ulisema iko kwa wababa wazee. Papa yako alikuwa na hamsini na ine. Miye niko na hamsini na tatu, Kavugho. Ulimunyang'anya mama yako ule muzigo, vizuri, lakini uliuweka wapi? Uliuweka kwangu. Weye uko muzima, unataka mutoto. Utafute kijana. À toi."

Kavugho aliketi. Aliona tena karakana, randa, pumzi ile iliyopuliza ubao mtupu, na jinsi alivyomwita mon vieux huku akimwambia habari ya wazee. Aliona haya, na haya ikageuka mapenzi makali, na mapenzi yakatoka yamevaa hasira.

"Nilikosa," alisema. "Nilikuambia nusu. Docteur alisema pia hatari iko ndogo, inapanda na miaka na inabaki ndogo, wazee wengi wanazaa watoto wazima. Miye nilikuwa na furaha nikaacha ile nusu pale kwake. Lakini weye, unajua kuhesabu, si vile? Nzanzu, papa alimuzaa na hamsini na ine. Miye, papa alinizaa na hamsini na nane. Muzee kupita. Uniangalie. Mwili yangu imekosa nini? À toi."

Sanduku likakwaruza, halafu likapasuka kwa sauti ya mwanamke, mtawa mzee wa misioni nyingine aliyekuwa akingojea zamu yake: "Banalia, ujibu ule mwanamuke. Tuko tunangoja dawa. À toi."

"Haujakosa kitu," alisema Wenceslas, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Hakuna. Lakini hatari ndogo inaweza kufika kwa mutu. Ilifika kwa papa yako. Ikifika kwetu, siku moja mutoto ataniangalia aniulize, juu ya nini niko hivi. Nitasema nini? À toi."

"Iko mutu moja ameshazaliwa, anaweza kukujibu. Kuya umuulize. Na miye nakungoja, Wensi, lakini sitakungoja mpaka uzeeke zaidi. Terminé."

Akamrudishia frère Alexis kipaza sauti. Nje akajikuta anacheka, na nusu ya wilaya ya Tshopo ilikuwa imesikia.

*

Lori la mbao liliingia sokoni siku ya soko kubwa, likiwa na magogo chini na mbuzi juu yake, wanalia kwa hasira. Wenceslas alishuka amevaa abacost nyeusi iliyojaa vumbi jekundu la barabara. Mkononi alibeba kitu kimefungwa gunia. Waliomshushia mbuzi waliwafunga kwa kamba mbovu kwenye nguzo ya duka.

Kavugho alikuwa mlangoni, na kikwembe chake cha ndege wa kijani. Alikivaa kwa bahati tu, ndivyo alivyomwambia mama yake asubuhi, na alikuwa amekivaa kwa bahati siku tatu mfululizo. Hakusogea. Hii haikuwa zamu yake.

Wenceslas akavuta gunia la maharagi, akaketi juu yake, na uso wake ukalingana na uso wa Nzanzu, kaunta ile kati yao.

"Patron," alisema, "nilikuya kuomba musamaha ya kuku."

"Kuku haziko kitu." Nzanzu aliegemea viwiko. "Nilisikia. Soko yote imesikia, frère Alexis hana kufuli kinywani. Uliogopa kuzaa mutu kama miye."

Watu wakasogea karibu. Kavugho alifunga macho.

"Ndiyo," alisema Wenceslas. "Niliogopa."

"Sababu nini?"

"Ile siku ya kaunta niliona watu wanangoja kucheka. Nikasema, kama iko mutoto wangu, na miye niko muzee, nitakufa mbele yake, nimuache. Nani atasimama karibu yake?"

Nzanzu alichezea saa yake. Aliposema, hakusema kwa ajili ya watu.

"Papa alikufa miye niko mutoto wa shule. Mama njo alisimama. Kisha ule pale." Alionyesha dada yake kwa kidevu. "Kisha nikasimama miye mwenyewe. Mugongo inaniuma, sitakuficha. Watu wanacheka, iko kweli. Wanacheka, kisha wanainama, wananunua. Uliuliza utamujibu mutoto nini. Miye niko mutoto ya muzee. Sijaamka ata asubuhi moja nikisema, afazali papa angebaki na muke moja akalala mapema."

Mama mmoja wa pondu aliguna kicheko, na soko likapumua. Wenceslas alifuta uso kwa kiganja, na vumbi likachora mistari pale palipokuwa na maji. Kisha akafungua kile alichofunga kwenye gunia. Ilikuwa meza ndogo, uso wake laini, pembe zimeviringishwa zisimuumize mtu. Lakini miguu yake ilikuwa mirefu mno, mibichi, haijapigwa randa mwishoni.

"Hii haikuisha," alisema Nzanzu, mwenye duka aliyezoea kukagua bidhaa.

"Iko meza ya mutoto. Niliitengeneza kule misioni. Miguu sijakata. Nilishasahihisha kipimo ya mutu mara moja, sitarudia. Atakuya na kipimo yake mwenyewe, yoyote, na miye nitakata." Akageuka mlangoni. "Kavugho, niko na miaka hamsini na tatu na naogopa bado kidogo. Lakini nataka kuogopa nikiwa kwako."

Kavugho alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga tangu siku ya phonie, mengine makali. Akayaacha yote mlangoni, akasogea hatua moja kuelekea kaunta.

Nzanzu alifungua droo, ile iliyofunzwa kutii, akatoa kamba ya zamani yenye fundo. Akaiweka juu ya meza ndogo. "Ushike. Kama atakuwa kama miye, fundo iko hapo. Kama atakuwa kama weye, ufungue."

Wenceslas aliikunja kamba ile pamoja na fundo lake, akaiweka mfuko wa kifuani, akabonyeza kifungo. Nyuma ya Kavugho kitu kikachanika. Mbuzi wawili walikuwa wamekata kamba zao mbovu na wamezamisha vichwa kwenye gunia la maharagi ya Butembo, ya daraja la kwanza.

"Mon vieux," alisema Kavugho, na sauti ilimtoka nusu kilio, nusu kicheko, "mbuzi zako zinakula maharagi ya yaya wangu."

Wenceslas hakuinuka kwenye gunia lake. Alimtazama Nzanzu, na hakukuwa na mtu sokoni pale ambaye hakuelewa alichokuwa akingojea.

Nzanzu aliwatazama mbuzi kwa muda, kwa jicho la mfanyabiashara, manyoya na kwato. Kisha akashuka kwenye kiti chake, akazunguka kaunta, akawashika wale wawili pembe kwa mikono yake mifupi yenye nguvu, akawaburuta mpaka kwenye nguzo.

"Muache zangu," aliwaambia waliokimbilia kumsaidia. "Mbuzi zangu nazifunga miye mwenyewe."